Kubadili tempo ndani ya REAPER bila noti za MIDI kuhama: uzoefu wangu

Mpiga kinanda amepiga kwa mwendo wake bila kliki, ule mlio wa kuongoza mapigo, na mradi uliachwa kwenye tempo ya kuanzia, mapigo 120 kwa dakika. Upigaji ni mzuri na hakuna sababu ya kuurudia, ila mwendo wake halisi ni 96, kwa hiyo mistari ya gridi na noti haviendani kabisa. Sasa unataka mradi usome 96 ili uongeze ngoma na besi, huku kila noti ikibaki kwenye sekunde ileile iliyopigwa. Ukiandika 96 hivihivi, noti iliyokuwa kwenye sekunde ya 20 itahamia sekunde ya 25, na wimbo mzima utakuwa mzito.

Kazi hii naifanya kwa REAPER, programu ya kurekodi na kuhariri muziki, zaidi kwenye nyimbo za kwaya na taarabu ambako kliki humbana mpigaji. Inafanyika kwa usahihi mkubwa, lakini lazima kwanza ujue noti zinahifadhiwaje, la sivyo utazunguka kwenye menyu hadi uchoke.

MIDI, yaani rekodi ya noti zilizopigwa badala ya sauti yenyewe, haihifadhi sekunde. Ndani ya REAPER kila pigo limegawanywa, kwa mpangilio wa kuanzia, katika tiki 960. Noti ya sekunde ya 20 kwenye tempo 120 imeandikwa kuwa iko tiki ya 38,400, yaani pigo la 40. Kwenye 120 pigo moja ni sekunde 0.5, kwenye 96 ni sekunde 0.625. Tiki ni ileile, sekunde zimebadilika. Kwa hiyo kuna mambo mawili ya kufunga: kipande chenyewe kwenye treki, na noti zilizomo ndani yake. Wengi hufunga la kwanza wakadhani wamemaliza.

La kwanza liko kwenye sifa za kipande. Chagua vipande vyote vya MIDI, bonyeza F2, na kwenye orodha ya "timebase", inayoamua kipande kifuate sekunde au mapigo, chagua "Time". Hapo kipande hakitasogea wala kubadili urefu. Lakini ukiishia hapo halafu ukateremsha tempo, boksi litabaki mahali pake huku noti zikitanuka ndani yake, na za mwisho zitakatwa ukingoni. Ukipandisha tempo, noti zitabanana mwanzoni, kisha nafasi iliyobaki ijazwe na marudio ya mwanzo wa kipande kama "Loop source" imewashwa. Ukisikia utangulizi umejirudia katikati ya wimbo, sababu ni hiyo. Zima "Loop source" palepale kwenye F2 kabla hujaendelea.

La pili ndilo lenye kazi. Kwenye sifa za chanzo cha MIDI, Ctrl na F2 kwa Windows, kuna kisanduku "Ignore project tempo" na nafasi ya kuandika BPM, yaani mapigo kwa dakika. Kinauambia mradi usiziguse noti hizi, zisomwe kwa tempo niliyoandika hapa. Kwa mfano wetu namba hiyo ni 120, tempo ya wakati wa kurekodi. 96 ni namba ya mradi tu. Ukiandika 96 hapo umezifunga noti kwenye mwendo usio wake.

Kisanduku hicho kina mpaka wake: ukikiondolea alama baadaye kwa mkono, noti zinasomwa upya kwa tempo ya mradi na zinaruka. Ukikiacha na alama, noti zinakaa vizuri lakini hazifuati mradi tena. Siku ukitaka wimbo uende 100, ngoma zitakwenda 100 na kinanda kitabaki nyuma.

Dawa yake ni SWS, nyongeza ya bure inayosakinishwa juu ya REAPER. Bonyeza alama ya kuuliza kufungua orodha ya vitendo, kisha tafuta maneno "ignore project tempo". Utaona vitendo vya kuwasha na vya kuzima, na kila kimoja kina pacha wake. Chukua vile vyenye maneno "preserving time position of MIDI events". Pacha asiye na maneno hayo anawasha na kuzima kisanduku tu, hagusi tiki. Huyu mwenye maneno hayo anaandika upya tiki za kila noti ili sekunde zisibadilike.

Kwanza pima mwendo. Tafuta pigo la kwanza la kipimo chochote, hesabu vipimo 8 vya 4/4, yaani mapigo 32, na usome sekunde zilizopita. Gawanya mapigo kwa sekunde, zidisha kwa 60. Mapigo 32 ndani ya sekunde 20 ni 96. Usipime kwa kipimo kimoja. Kosa dogo la sikio linakuwa kubwa.

Vipande vikiwa kwenye "Time", endesha kitendo cha kuwasha. Andika 96 kwenye mradi. Sikiliza: hakuna kilichobadilika isipokuwa gridi. Sasa zima snapu, inayonasisha vipande kwenye gridi, kwa Alt na S, kuza picha, na uvute vipande vyote vya kinanda kwa pamoja mpaka noti ya pigo la kwanza ikae juu ya mstari wa kipimo. Kuna wanaokata ukimya wa mwanzo kisha wakaegesha ukingo kwenye mstari. Ni haraka, ila kama pedali ilikanyagwa kabla ya noti ya kwanza, ujumbe wake, CC namba 64, unaweza kukatwa pamoja na ukimya, na akodi ya kwanza ikasikika kavu. Mimi navuta.

Kisha endesha kitendo cha kuzima, kile chenye kuhifadhi nafasi. Noti sasa zina tiki mpya zinazolingana na 96. Rudisha "timebase" ya vipande kwenye mapigo, na tangu hapo kinanda kinaufuata mradi kama ngoma. Kuna kukadiria kidogo kwa sababu noti lazima iangukie tiki kamili, lakini kwenye 96 tiki moja ni milisekunde 0.65, kwa hiyo kosa halizidi nusu ya hapo. Hakuna sikio linaloligundua.

Ndani ya kihariri cha MIDI, kisanduku kikiwa na alama, gridi inaweza kukuonyesha mapigo ya chanzo badala ya ya mradi. Badilisha chaguo hilo sehemu ya chini ya dirisha kabla hujasema noti hazilingani. Vipande vilivyonakiliwa kwa kushiriki chanzo kimoja vitenganishe kwanza. Na usiilaumu MIDI kwa sauti ya mwangwi: dilei iliyofungwa kwenye nusu pigo ilikuwa milisekunde 250 kwenye 120, na kwenye 96 ni 312.5, kwa kuwa plagini hufuata mradi.

Kwenye programu ya Pro Tools unachagua kwa treki nzima kati ya tiki na sampuli, yaani kufuata mapigo au muda halisi, na Cubase ina kitufe chake kwenye treki. Ni haraka zaidi. REAPER ina hatua nyingi na mipangilio yake imetawanyika kwenye madirisha matatu, lakini inakuruhusu kuamua kipande kwa kipande, na kwa leseni ya dola 60 kwa matumizi binafsi, baada ya siku 60 za kujaribu kila kitu, bado naichagua.

Kabla ya kuanza, geuza treki ya kinanda kuwa sauti kwenye treki ya pembeni, nayo iwe kwenye "Time". Ukishabadili tempo, na kabla ya kuvuta chochote, cheza zote mbili pamoja. Noti zikisikika mara mbili mbili, hata kwa kugongana kidogo tu, rudi nyuma kwa Ctrl na Z: umechukua pacha asiye sahihi. Zikisikika kama kinanda kimoja kilichoongezwa sauti, vuta MIDI na ile sauti kwa pamoja, maliza kuzima, kisha rudia kusikiliza.