Helmeti ya mbio za magari: ipi ununue, ipi uiache dukani

Helmeti yangu ya kwanza ilinizidi saizi moja. Nililijua hilo tangu dukani, maana nilipotikisa kichwa ilichelewa kidogo kunifuata, lakini muuzaji akanihakikishia kwamba "itakaa yenyewe", nami nikaamini kwa kuwa nilikuwa nimeshaipenda. Miezi miwili baadaye nilikuwa msoma ramani kwenye mbio za klabu, barabara za vumbi katikati ya mashamba ya mkonge nje ya Tanga. Gari liliruka tuta, likatua kwa pua, na helmeti ikanishukia hadi kwenye kope. Nilikuwa katikati ya kusoma noti, yale maelezo ya kona zinazokuja. Mstari uliofuata sikuuona. Dereva wangu aliisubiri sauti, haikuja, akakanyaga breki kwa kukisia. Tukaacha barabara na kusimama ndani ya mkonge. Tulitoka wazima. Nilikaa pale chini vumbi likitua, helmeti mikononi, nikaelewa kwamba kitu nilichokivaa kinilinde ndicho kilichokaribia kutuua wote wawili.

Kwa hiyo mtu akiniuliza anunue helmeti gani, simjibu kwa jina la kampuni. Namuuliza ndani imebandikwa lebo gani, kichwa chake kina umbo gani, na anakwenda kukimbia kwenye gari la aina gani. Lebo ndiyo ya kwanza, kwa sababu bila hiyo mkaguzi hatakuruhusu hata ufike kwenye mstari wa kuanzia.

Lebo iliyo ndani

Mwaka 1956 dereva Mmarekani, William "Pete" Snell, alifariki kwa majeraha ya kichwa aliyoyapata mashindanoni. Alikuwa amevaa helmeti, ila haikumlinda. Mwaka uliofuata wenzake wakaanzisha taasisi yenye jina lake, na hadi leo kazi yake ni kuzigonga helmeti maabara na kuzipa kibali zile zinazostahili. Kwa upande wa magari kibali hicho huanza na herufi SA, zikifuatwa na mwaka wa kipimo: SA2015, SA2020, na sasa SA2025. Shirikisho la magari duniani, FIA, nalo lina vibali vyake. 8859 ndicho kinachotufaa watu wa klabu. 8860 ni cha juu zaidi.

Wengi huniuliza kwa nini isitoshe helmeti nzuri ya pikipiki. Mwenye pikipiki akianguka hurushwa mbali na chombo chake. Wewe umefungwa mikanda ndani ya chumba cha chuma, na gari likibingirika kichwa chako kinaweza kuipiga ile fremu ya vyuma iliyowekwa kukulinda, tena zaidi ya mara moja katika ajali moja. Kipimo cha SA kina jaribio la kuigonga helmeti kwenye chuma cha mviringo kama bomba la fremu hiyo, kwa kurudia. Kisha kuna moto. SA hupimwa kwa moto. Ya pikipiki haipimwi, na kitambaa chake cha ndani kinaweza kuyeyuka kikiwa kimegusana na ngozi ya uso. Ukiwa umekaa na petroli nyuma ya mgongo wako, hiyo si tofauti ndogo.

Stika ya DOT (Idara ya Uchukuzi ya Marekani) unayoiona nyuma ya helmeti nyingi za bei nafuu ni tamko la mtengenezaji mwenyewe. Hakuna mtu wa nje aliyeipima kwanza kabla haijaingia sokoni. Snell hupima kabla ya kutoa kibali, halafu hununua sampuli madukani na kuzipima upya. Lebo yake iko ndani, aghalabu chini ya kitambaa, na ina namba. Ya FIA ina rangi ya fedha na alama inayometameta ukiigeuza kwenye mwanga. Funua kitambaa uione kwa macho yako. Kama unaagiza kutoka nje, mwambie muuzaji akutumie picha ya lebo hiyo. Picha ya rangi za nje haikusaidii kitu.

Mpangilio wangu, kuanzia inayofaa wengi

Nafasi ya kwanza naipa helmeti inayofunika uso mzima, yenye SA2020 au SA2025, au FIA 8859, gamba lake likiwa la faiba. Ukikimbia otokrosi (mbio fupi kwenye uwanja wa vumbi), mbio za mzunguko, au kupanda mlima dhidi ya saa, hii inakutosha. Inalinda kidevu na taya, ina kioo cha kuzuia vumbi na mawe, na kampuni nyingi huitengeneza: Bell, Arai, Stilo, Sparco, OMP, HJC, Zamp. Za bei ya chini hupatikana kwa dola mia mbili na ushee hadi mia nne huko zinakouzwa, kabla ya usafirishaji na ushuru. Kwa anayekimbiza bagi, kile kigari chepesi cha vumbi, isiyo na kioo cha mbele sina mjadala naye: uso mzima, kioo kimeshushwa. Vumbi la otokrosi mnalijua, na linakuja na changarawe.

Ya pili ni helmeti ya rali iliyo wazi usoni, yenye vikinga masikio na maiki ndani. Kwa rali ningeiweka ya kwanza, na mimi mwenyewe ndiyo ninayoivaa. Ndani ya gari lililofungwa, saa sita mchana, injini ikitema joto miguuni, msoma ramani anahitaji kupumua, kuziona noti zilizo mapajani na kusikika bila kupiga kelele. Unachokosa ni ulinzi wa kidevu, na hilo ulikubali ukijua. Hapa kuna mtego unaowagharimu watu fedha: nyaya za mawasiliano za kampuni ya Stilo na za Peltor hazikubaliani moja kwa moja, lazima ununue kiunganishi. Kabla hujalipa, mwulize mwenzako wa kiti cha pili gari lina mfumo gani. Nimewaona watu wawili wakifika kwenye ukaguzi na helmeti mbili nzuri sana zisizoweza kuzungumza.

Ya tatu ni 8860, ile ya nyuzi za kaboni wanayoivaa madereva wa Formula One. Ni nyepesi na imepimwa kwa vishindo vikali zaidi. Mwaka 2009 kule Hungary, springi iliyochomoka kwenye gari la mbele ilimpiga Felipe Massa juu ya jicho, na baada ya hapo sehemu ya juu ya kioo ikaongezewa ukanda wa nyuzi ngumu za Zylon. Ndicho chanzo cha ule ukanda tuliouzoea kwenye runinga. Kama fedha ipo, nunua. Lakini bei yake hupita dola elfu mbili kwa urahisi, na kwa mwanaklabu ambaye kiti chake kina mikanda iliyopitwa na muda, fedha hiyo ina kazi nyingine kwanza.

Ya nne ni ya gokati (kigari kidogo cha mbio kisicho na paa), yenye herufi K kwenye lebo. Imejaribiwa kwenye chuma cha mviringo kama SA, ila haina jaribio la moto. Kwenye gokati ni sawa kabisa. Kwenye gari lenye paa, hapana. Mtoto mtafutie yenye lebo ya CMR, iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto na yenye uzito mdogo. Shingo ya mtoto wa miaka minane haiwezi kubeba helmeti ya baba yake iliyojazwa vitambaa.

Ya tano, na hapa ndipo mpangilio wangu unapokoma, ni ya pikipiki yenye Snell M au ECE 22.06, vibali vya helmeti za pikipiki. Ipo kwa sababu baadhi ya siku za mazoezi ya wazi huiruhusu, na ni kinga ya kweli kwa kilichokusudiwa. Ukiwa nayo tayari, anza nayo siku hizo. Usiinunue mpya kwa ajili ya gari.

Helmeti ya bodaboda ya shilingi elfu kumi na tano siipi nafasi. Ibonyeze pembeni kwa viganja viwili utaliona gamba linavyonepa. Ya mtumba nayo siipi nafasi, hata ikiwa na lebo ya SA. Kinachookoa kichwa si gamba peke yake, ni lile povu gumu la ndani, ndugu wa yale masanduku meupe ya samaki. Povu hilo huokoa kwa kubonyea, na likibonyea halirudi. Helmeti iliyokwisha kula kishindo inaweza kung'aa kama mpya huku ndani imekufa, na wewe huna njia ya kujua ilianguka wapi.

Kupima kichwa

Hapa chukua muda wako wote. Azima futi ya fundi cherehani, izungushe kichwa juu ya nyusi kwa kama sentimita mbili na nusu, ipite juu kidogo ya masikio hadi pale kisogo kinapochomoza zaidi. Pima mara tatu, uchukue namba kubwa. Kwa kampuni nyingi sentimita 57 hadi 58 ni M, na 59 hadi 60 ni L, lakini tumia jedwali la kampuni yenyewe, kwani hazilingani.

Dada zangu wanaosuka, na kaka wenye rasta: pimeni na mtindo mtakaokimbia nao. Nilimsindikiza binamu yangu, dereva, akanunua M ikamkaa kama imemwagwa kichwani. Wiki ya mashindano akasuka nywele nene, fundo likaangukia kisogoni, helmeti ikawa imekaa juu kama kikapu na mkanda wa kidevu haufiki. Alifumua usiku wa manane. Siku hizi husuka mistari myembamba iliyolala, inayoishia chini shingoni.

Namba ni nusu ya kazi. Kuna vichwa vya mviringo, na kuna virefu kutoka paji hadi kisogo, na kila kampuni ina umbo inalolielekea. Vaa helmeti pamoja na kile kininja kisichoshika moto utakachokimbia nacho, funga mkanda, ukae nayo dakika ishirini hapohapo dukani. Muuzaji akinuna, mwache anune. Ukiivua, mwambie mtu akutazame paji la uso. Wekundu uliotandaa sawasawa ni mzuri. Doa moja jekundu katikati ya paji ni umbo lisilo lako, na ukifika steji ya tatu, kile kipande cha tatu cha mbio, litakuwa kichwa kinachopasuka. Sponji za mashavu zinatakiwa zikubane kiasi kwamba ukitafuna unajing'ata kidogo kwa ndani. Hiyo ndiyo saizi. Sponji hulegea kadiri unavyoivaa, kwa hiyo helmeti iliyo huru dukani haitakuja kukaza nyumbani. Yule muuzaji wangu alikuwa ameipindua kweli hiyo.

Kisha ishike kwa mikono miwili, utikise kichwa kushoto na kulia. Ngozi ya paji na mashavu ivutike pamoja nayo; ikiteleza juu ya ngozi, teremka saizi. Mwisho inamisha kichwa, na mtu aishike kwa nyuma chini aivute kuelekea mbele, kwa nguvu. Isitoke. Ikivuka kisogo hata nusu, irudishe kwenye rafu. Mvaa miwani aingize na miwani yake na kuangalia pembeni kama mtu anayetafuta kona inayofuata.

Shingo

Kifaa cha HANS, ile kola ngumu ya mabegani inayofungwa na helmeti ili kichwa kisirushwe mbele, alikibuni Robert Hubbard, mhandisi Mmarekani wa biomekanika (elimu ya nguvu zinazoukumba mwili), pamoja na shemeji yake Jim Downing aliyekuwa dereva, miaka ya 1980. Gari likisimama ghafla mikanda hushika mabega, kichwa kinaendelea mbele, na pale fuvu linapokutana na shingo pakaachia. Formula One ilikifanya cha lazima mwaka 2003. Helmeti za SA2015 na zilizofuata huja na matundu ya skrubu za M6 kwa ajili ya vishikizo vyake, tayari kutoka kiwandani. Usimpe fundi atoboe gamba, si kwa HANS wala kwa maiki. Tundu moja la drili na kibali kimekufa.

Uzito pia unaishia shingoni. Kilo moja na nusu si kitu ukiwa umesimama dukani, ila kwenye kishindo cha mara thelathini ya mvutano wa dunia inakuwa kilo arobaini na tano, juu ya uzito wa kichwa chenyewe. Ukibaki na helmeti mbili zinazokukaa sawa, chukua nyepesi.

Kabla hujatoa fedha

Mwombe mwandaaji kanuni za mashindano yenyewe, usome lebo ya zamani kuliko zote anayoikubali ni ipi. Chama cha magari cha Tanzania, shirikisho la Kenya na lile la Uganda wote wako chini ya FIA, lakini mbio za klabu hutofautiana. Snell wenyewe hushauri kubadilisha baada ya miaka mitano ya matumizi, kwa kuwa jasho, mafuta ya nywele na mvuke wa petroli hula gundi na povu. Isafishe kwa maji na sabuni laini, usiipake rangi ya dukani, usiiache kwenye buti juani.

Ukiipata, usingoje siku ya mashindano. Keti kwenye kiti chako, funga mikanda yote, vaa HANS, kisha mwambie mtu apitishe mkono kati ya helmeti na vyuma vya juu. Hapo ndipo wengi hugundua kwamba kiti kilichowatosha bila helmeti sasa kinawagusisha kichwa na bomba. Teremsha kiti kwanza, funika bomba hilo kwa sponji ngumu inayotengenezwa kwa kazi hiyo, halafu pima tena ukiwa umelegeza mikanda na umekaa wima kadiri unavyoweza.