TAHADHARI wenye magari Tanga: gari imetoka gereji bado inachemsha, usikubali haraka kwamba gasketi imeungua

Wadau wa Tanga habari za jioni. Nimesubiri hasira zipoe ndo naandika, ningeandika wiki iliyopita ingekuwa matusi matupu. Kuna gereji moja upande wa Ngamiani, jina siweki, waliowahi kupigwa pale wataijua wenyewe. Mchezo wao una fundi na una dalali wa magari anayeshinda pale kwenye benchi kama mteja, na huyo wa kwenye benchi ndo mwenye mchezo hasa.

Mi nina Carina Ti yenye injini ya 5A, nafuatia machungwa Muheza naleta Mgandini. Asubuhi moja nakuta maji chini, rejeta imetoboka pembeni. Nikaipeleka hapo. Fundi akasema rejeta inazibika, ila wota pampu nayo imechoka, na thamostati, kile kidude kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, anaitoa kabisa. Nikamuuliza kwanini aitoe, akanijibu "kaka hicho kidude Wajapani wameweka kwa ajili ya baridi la kwao, Tanga na joto hili cha nini?" Nikanyamaza maana hata mjomba wangu ndo anavyosemaga hivyo hivyo. Rejeta elfu 85, pampu "mpya" laki na 20, risiti sikupewa na mimi kwa ujinga wangu sikudai.

Nimepita Kange tu, Pongwe hata sijaiona, mshale wa temperecha uko unagusa nyekundu. Nikazima, nikakaa chini ya mwembe saa nzima mpaka ikapoa, nikarudi nayo mdogo mdogo.

Fundi wala hakushangaa. Akafungua mfuniko wa rejeta, akawasha gari, akaniita "njoo uone mwenyewe kaka". Mapovu yanapanda, blup, blup, blup. Akasema hiyo ni gasketi, ile inayoziba kati ya injini na hedi yake ya juu, moto wa silinda unaingia kwenye maji, hedi itakuwa imepinda, kuishusha na kuiskimu inyooke na gasketi mpya laki 4 na nusu, na tukikuta imepasuka itabidi tutafute injini ya mtumba. Nimekaa kichwa kinaniuma ndo yule wa kwenye benchi akasogea, mpole kweli, anaongea kama yupo msibani, "pole kaka, hizi 5A zikishachemsha hivi huwa hazirudi, mi nakupa milioni moja na nusu hapa hapa ukajipange upya". Milioni moja na nusu jamani! Na nisiwadanganye, nilitikisika, kwa sababu mapovu nimeyaona kwa macho yangu.

Kilichoniokoa ni kwamba laki 4 na nusu yenyewe sikuwa nayo. Nikamwomba shemeji na pikapu yake akanivuta mpaka Muheza kwa mzee mmoja fundi wa siku nyingi.

"Shikamoo mzee."
"Marahaba mwanangu. Imefanyaje?"

Nikamsimulia yote, hakushika hata spana. Akavuta stiki ya oili akaitazama kwenye jua, oili nyeusi ya kawaida, akasema maji yangekuwa yameingia huku ungeona rangi ya chai ya maziwa. Akawasha, akaangalia moshi wa ekzosi, hamna moshi mweupe. Akaniambia fungua hita mpaka mwisho. Mshale ukaanza kupanda, hita inatoa upepo wa baridi kabisa. Akacheka. "Maji hayajafika huko mwanangu, humo ndani kuna hewa, na mapovu uliyooneshwa ndo hiyo hiyo hewa inatafuta pa kutokea." Kumbe yule bwana alijaza maji haraka haraka akafunga, hakutoa hewa, afu akanionesha hewa aliyoiacha mwenyewe kama ushahidi wa gasketi!

Halafu mzee akaomba karatasi. Nikachana ukurasa kwenye daftari langu la mahesabu ya machungwa. Akasubiri feni iwake, akaisogeza karatasi mbele ya grili akaiachia. Ikamrukia kifuani. Akairudia, ikaruka tena. Feni ya gari kama hii inakaa nyuma ya rejeta, kazi yake kuvuta upepo wa nje uingie ndani, kwahiyo karatasi ilitakiwa inate kwenye grili. Yangu inapuliza kwenda nje. Waya mbili za feni zimegeuzwa. Na ukisimama unaangalia huwezi kujua, feni inazunguka, inavuma, upepo unausikia, kumbe gari ikitembea upepo wa barabara unaingia na feni inaurudisha, injini ipo katikati inaungua.

Hayajaisha. Mfuniko wangu wa rejeta wa zamani ulikuwa umeandikwa 0.9, ndo presha unayoshika, niliokuta una kutu hauna hata maandishi na mpira wake umekakamaa kama ganda la chungwa lililosahaulika juani. Msidharau mfuniko. Maji yakiwa wazi hapa kwetu pwani yanachemka kwenye 100, ila mfuniko mzima ukishika presha yanafika karibu 120 ndo yachemke, ukiwa mbovu unayamwaga mapema. Na pampu "mpya" mzee aliifuta na kitambaa chenye petroli, rangi ya silva yote ikabaki kwenye kitambaa, chini ni chuma kizee. Pampu yangu mwenyewe nimeuziwa!

Thamostati nayo akarudisha nyingine. Alivyonieleza, inafunguka kwenye nyuzi kama 82, joto la Tanga hata liwe 33 ni mbali sana na hapo, haina uhusiano na baridi la Japani, na kuna injini ukiitoa maji mengine yanakatiza njia ya mkato yanarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta.

Kutoa hewa alifanya hivi, na hii shikeni maana ni bure. Gari imepoa kabisa, akaipandisha mbele juu kwenye kamlima, mfuniko wazi, hita imefunguliwa mwisho, kulanti inamiminwa taratibu, injini inawaka, na mpira wa juu wa rejeta anauminya minya. Ikabwabwaja, ikashuka, akaongeza, ikabwabwaja tena. Iliingia kama lita moja na nusu zaidi. Feni ilipowaka mara mbili na hita inatoa moto, akafunga, kesho yake asubuhi ikiwa baridi akaongeza tena kidogo. Mapovu yakaisha. Mzee akasema gasketi ingekuwa imekufa kweli yangeendelea tu hata umwage hewa siku nzima, na maji yangekuwa yanapungua bila kuona yanapovujia. Vitu vyote na ufundi wake havikufika laki na nusu. (Ila mfuniko ikiwa ya moto msifungue, dogo mmoja pale ana kovu mkono mzima.)

Waya kugeuzwa peke yake ningesema bahati mbaya, fundi ni binadamu. Ila waya, mfuniko, pampu ya kupaka rangi na dalali mwenye hela mfukoni, vyote siku moja? Jirani yangu wa Chumbageni nilipomsimulia akashika kichwa, Spacio ya kaka yake waliinunua hivyo hivyo, mwezi haujaisha wakaiona inapiga taksi mjini.

Juzi yule dalali kanipigia, namba sijui katoa wapi. "Kaka ile Carina bado inachemsha? Nimekufikiria, nakuongezea laki 2." Nikamwambia nipo Muheza napakia machungwa, anipigie jioni nikishusha Mgandini.