Intaneti ya nyumbani Kigoma: pima spidi kwanza, ndipo utoe pesa

Dada yangu anayekaa Gungu alinipigia simu amekata tamaa. "Kaka, nimelipia kifurushi cha spidi ya 20 na mtoto hawezi hata kufungua video ya somo. Nataka kubadilisha kampuni." Nikaenda. Nilipima chumbani kwa mtoto nikapata 3. Nikapima sebuleni, nimesimama kando ya ruta: 18. Kampuni haikuwa na kosa. Ruta ilikuwa sakafuni nyuma ya TV, na kati yake na mtoto kulikuwa na kuta mbili nene za matofali ya kuchoma. Alikuwa karibu kununua huduma nyingine ambayo nayo ingekwama kwenye kuta zilezile.

Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na kupima. Ukiwa na kompyuta, iunganishe na ruta kwa waya, wengine wote watoke kwenye wifi, halafu fungua Speedtest au fast.com. Ukipata spidi nzuri kwenye waya na mbaya chumbani, tatizo ni wifi yako. Ikiwa mbaya kote, hapo sasa mpigie mtoa huduma. Pima saa 11 alfajiri, kisha urudie saa 2 usiku watu wote wa mtaa wakiwa mtandaoni. Namba ya saa 2 usiku ndiyo utakayoishi nayo. Ila kama unatumia bando la MB, angalia: kwa spidi ya 20, sekunde 15 tu za kupakua zinakula karibu MB 38, bado hujapima kupakia.

Na hiyo 20 yenyewe inawachanganya wengi. Ni megabiti kwa sekunde, si megabaiti. Baiti moja ina biti 8, kwa hiyo 20 inakupa MB 2.5 kila sekunde, na filamu ya MB 700 itashuka kwa dakika 4 na sekunde 40. Hujaibiwa. Netflix wanashauri 5 kwa picha safi ya HD kamili na 15 kwa 4K. Mkutano wa Zoom wa watu wengi kwa kawaida unahitaji chini ya 3. Familia ya watu watano ikipata 20 ya kweli usiku, haina haja ya kulipia 50.

Tazama pia pingi, yaani muda ambao ujumbe unatumia kwenda na kurudi. Kwenye Speedtest chagua seva (kompyuta ya kupimia) ya Dar es Salaam. Kutoka huku hadi Dar kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200, na mwanga ndani ya faiba (waya mwembamba wa kioo unaobeba data) hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo safari peke yake inakula milisekunde 12 hivi. Ukiona 40, shukuru. Ukiona 200 na inarukaruka, simu za video zitakukatikia hata kama spidi ni kubwa.

Sasa cha kununua.

Namba moja ni faiba, kama inapita mtaani kwako. Mkongo wa Taifa, yaani njia kuu ya faiba ya nchi, unafika Kigoma na TTCL wanauza faiba ya majumbani, lakini mkongo kufika mjini si sawa na waya kufika kwenye nguzo yako. Usilipe kwa ahadi ya "tunakuja wiki ijayo". Tafuta jirani aliyekwisha kuunganishwa, mwombe upime kwake usiku. Faiba haijali mvua wala wingi wa watu kwenye mnara, na kupakia kwake ni kuzuri kwa anayetuma kazi za video.

Namba mbili, na ndiyo itakayowafaa wengi wetu, ni ruta ya laini ya 4G au 5G yenye kifurushi cha mwezi. Hapa usinunue kwa sababu rafiki yako wa mtaa wa Mwanga anaisifia. Mji wetu ni wa milima na mabonde. Nyumba mbili zilizotenganishwa na kilima kimoja zinapata mitandao tofauti kabisa. Azima simu zenye laini za Vodacom, Airtel, Yas na Halotel, simama kwenye dirisha ambapo ruta itakaa, pima kila moja usiku. Inayoshinda hapo ndiyo yako. Kwenye ukurasa wa mipangilio ya ruta kuna kipimo cha nguvu ya mawimbi ya mnara kiitwacho RSRP: -85 ni nzuri, -110 ni taabu, na mara nyingi kuisogeza ruta kwenye dirisha linalotazama mnara kunabadilisha kila kitu. Uliza maswali mawili dukani: je, ruta imefungwa kwa laini ya kampuni moja? Na je, spidi inashushwa ukifikisha GB kadhaa? Muuzaji akizungukazunguka kwenye la pili, jibu ni ndiyo.

Namba tatu ni hotspoti ya simu au mifi, kile kifaa kidogo cha wifi cha kubeba mfukoni. Kwa anayeishi peke yake inatosha. Kwa familia, bando litaisha kabla ya wiki.

Satelaiti naiweka mwisho kwa mjini, ingawa kwa mtu wa mwambao wa kusini, Kalya huko, inaweza kuwa ya kwanza. Zile zilizo juu kabisa, kilomita 35,786, zina pingi ya milisekunde 600 hivi hata kama spidi ni nzuri. Zinazozunguka chini zina nafuu kubwa. Hakikisha kwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwamba mtoa huduma ana leseni kabla hujanunua dishi.

Kwa dada, tulipandisha ruta juu ya kabati la korido na kumwacha mtoto kwenye wifi ya GHz 2.4, inayopenya kuta kuliko ile ya GHz 5. Chumbani ikasoma 14. Pesa aliyotaka kuhamia nayo alinunulia betri ndogo ya volti 12 ya ruta, kwa ajili ya umeme unapokatika.