Chipu ya kulinda betri: usikubali "ni ileile tu, dada" ya muuzaji

Nimezika betri nne za 18650, zile za lithiamu zenye umbo la bomba. Zote zilikuwa ndani ya taa za dharura zenye saketi ya ulinzi, na ulinzi ulifanya kazi yake barabara: uliiacha betri ishuke hadi volti 2.4, ndipo ukakata. Taa zikasahaulika kabatini wiki kadhaa. Nilipozitoa, hakuna iliyoshika chaji.

Wanunuzi wengi huuliza ampea. Waachieni hilo. Kwenye DW01A na FS312F-G, chipu mbili za ulinzi, chipu hukata mkondo inapoona milivolti 150 kwenye mosifeti (swichi za umeme) za 8205A, na kwa ukinzani wa mosifeti hizo unapata kama ampea 3. Hapo ni mapacha. Swali ni betri inakatwa ikiwa imebakiwa na nini.

Namba moja kwangu ni FS312F-G, na upendeleo huu siufichi. Inakata kwenye volti 2.9 badala ya 2.4 za DW01A, na upande wa juu inasimamisha chaji kwenye 4.25 badala ya 4.30. Miguu yake sita imepangwa kama ya DW01A, kwa hiyo kwenye zile bodi ndogo za kuchajia za TP4056 unang'oa ile, unalehemu hii, basi. Utaambiwa unapoteza chaji. Chaji gani? Chini ya 2.9 betri imebakiwa na makombo.

Ya pili ni S-8261 ya ABLIC, zamani Seiko. Ni makini sana, ila volti zake zinategemea herufi za mwisho wa namba. Muuzaji asiyejua mkia wake, mwache.

DW01A na ndugu zake wa bei rahisi: chukua kama kifaa chako kinajizima chenyewe mapema.

Sasa wauzaji. Nimelipia FS312F-G mara mbili ya bei ya DW01A, nikafika nyumbani nikafunga kibalbu kimalize chaji, mita kwenye B+ na B- (ncha za betri kwenye bodi), nikasubiri. 2.9 ikapita. 2.7. 2.5. Ikakata kwenye 2.4! Niliporudi nikaambiwa mita yangu ndiyo mbovu. Siku hizi nanunua moja, napima, ndipo narudi kuchukua kumi.

Na ukishalehemu, bodi ikikaa kimya bila kutoa umeme, usiing'oe tena. Chomeka chaja kidogo, itaamka.