Taji la Sulemani la ngozi ya mbuzi: uzoefu wangu baada ya miezi minane

Nyota 3 kati ya 5. Ngozi na ushonaji ni kazi ya fundi hasa. Mwandiko ndio uliopunguza alama.

Ni taji la kuvaliwa katika kazi za uganga, limetengenezwa kwa mkono Uingereza, likifuata Ufunguo wa Sulemani, kitabu cha uganga wa Ulaya ambacho mtafsiri Mwingereza, Mathers, alikichapisha kwa Kiingereza mjini London mwaka 1889. Msitarajie dhahabu wala vito. Kitabu kinataka karatasi au ngozi "bikira", yaani mpya, safi, isiyowahi kufanyiwa kazi nyingine, iandikwe majina manne ya Mungu: lile la herufi nne za Kiebrania (Yod, He, Vau, He) mbele, Adonai nyuma, El kulia, Elohim kushoto. Basi. Anayetaka nyoka wa dhahabu na nyota za pembe tano anatafuta taji la Crowley, mganga Mwingereza wa karne ya 20, na hilo ni la kupeleka kwa sonara.

Nilitoa kipimo cha kichwa cha sentimita 57. Ukanda umekuja na upana wa sentimita 6, ncha zimepandana sentimita 3. Ngozi imekwanguliwa vizuri, ukiiinua kwenye mwanga huoni baka la mafuta. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Palipobaki mafuta wino haushiki, unakusanyika vitone kama maji juu ya jani la gimbi. Fundi anayejua kazi huisugua ngozi kwanza kwa unga wa jiwe la kusugulia miguu, akaupangusa, ndipo akashika kalamu.

Mshono ni wa uzi wa kitani, matundu yametobolewa milimita 5 kutoka ukingoni. Yakisogea karibu zaidi, ngozi huchanika ukilivuta taji kichwani. Nimependa pia kwamba mshono umewekwa nyuma ya sikio la kushoto, kati ya Adonai na Elohim. Ukiwekwa kisogoni unalikata jina la Adonai katikati.

Wino ni wa mavimbe ya mwaloni, salfeti ya chuma na gundi ya mgunga. Ukiwa mbichi ni kijivu, hukolea ukawa mweusi baada ya siku moja mbili. Salfeti ikizidi, wino unaila ngozi polepole, kwa hiyo ulizeni vipimo. Wapo wauzaji wanaotoa wino wa zafarani kwa bei ya juu; msiuchukue kwa taji. Watu wa pwani wanaijua sababu: kombe huandikwa kwa zafarani ili lioshwe kwa maji na kunywewa. Jasho la paji la uso litaosha vilevile.

Sasa mwandiko. Taji la kwanza nililotumiwa lilikuwa na El kushoto, maana fundi alipanga majina akilitazama kwa mbele. Kulia ni kulia kwa mvaaji. Kosa hili halirekebishiki kwa kuligeuza: ukilizungusha ili El ije kulia, Adonai inahamia mbele. Nililirudisha, la pili likafika baada ya wiki tatu.

Hilo la pili lina majina mahali pake, lakini tazameni herufi zake za Kiebrania kwa karibu. Katika jina la mbele, mguu wa kushoto wa He ya pili umegusa paa la herufi. Ule upenyo mdogo ndio unaoitenga He na herufi nyingine, Heth. Ukiziba, umeandika neno jingine. Kwenye Elohim, Mem ya mwisho imeviringwa chini ikawa herufi nyingine, Samekh, wakati inatakiwa pembe za mraba. Dalet ya Adonai iko sawa, kona yake imetokeza nyuma, haikuteleza kuwa herufi Resh. Kwa kitu ambacho thamani yake yote ni majina manne, makosa mawili ni mengi.

Uzuri wa ngozi ni kwamba inakwanguka. Nilitumia wembe mpya, nikaulaza, nikakwangua mguu wa He hadi ukapatikana upenyo wa milimita 1. Kwenye Mem niliongeza pembe kwa wino kidogo sana. Baada ya kukwangua, laza nyuzi za ngozi kwa mgongo wa kijiko kabla ya kuandika tena, la sivyo wino utatambaa.

Jasho ni adui mwingine. Taji likivaliwa saa nzima bila kitambaa, ukingo wa mbele unajikunja. Shoneni ndani utepe wa kitani wa sentimita 4 kwa mishono mirefu. Msiugandishe kwa gundi, ili uweze kutolewa na kufuliwa. Lisihifadhiwe likiwa bapa, livisheni kopo la mzingo uleule. Mombasa, Zanzibar au Dar, ambako hewa ina unyevu mwingi, tumieni sanduku linalofunga vizuri na vile vipakiti vya kukausha unyevu. Likilowa liacheni kivulini. Pasi, jua kali au chetezo kilichosogezwa sana huisinyaza ngozi, na haitarudi.

Kabla ya kulipa, ombeni picha nne za karibu, moja kwa kila jina, kabla ncha hazijashonwa. Na mkiagiza mataji ya wanafunzi wa mganga, ambayo kitabu kinataka yaandikwe kwa rangi nyekundu, ulizeni rangi hiyo imetokana na nini: zinjifuri, madini mekundu ya kutengenezea rangi, ina zebaki, haifai kukaa juu ya jasho la mtu.