Miaka mitatu nyumba ya ukingoni mwa bahari: wasimamizi nawapa nyota tatu

Nyota tatu. Mbili zilizama kwenye maegesho, nitafika huko.

Naishi ghorofa ya nne kwenye mradi mkubwa ulio juu ya maji kabisa: chini maduka na mikahawa, mnara wa pili ofisi, mbele gati la mashua, magari yote chini ya ardhi. Vyote vinatunzwa na kampuni moja.

Mapokezi yanang'aa, walinzi wana adabu, lifti ikikwama fundi anafika upesi. Haya sina neno nayo. Shida inaanza pale chumvi inapofika. Vyuma vya ngazi ya gatini vilikuwa stenlesi (chuma kisichoshika kutu kwa urahisi) ya daraja la kawaida, ile 304. Mwaka haujaisha, vikatoka madoa ya rangi ya chai na vitundu kama vya sindano. Pembeni mwa bahari hutumika 316, yenye molibdenamu, madini yanayoisaidia kuhimili chumvi, na hata hiyo inataka kuoshwa kwa maji yasiyo na chumvi mara kwa mara. Wao wakaja na brashi ya waya wa chuma cha kawaida, wakasugua kwa bidii! Chembe za waya zikabaki pale pale, nazo zikashika kutu.

Sasa maegesho. Ilikuwa bamvu, siku maji ya bahari yanapojaa kupita kawaida, mwezi mpevu, na mvua kubwa ikaangukia saa ile ile maji yamejaa. Bomba la mvua linamwaga baharini. Bahari ikipanda juu ya mdomo wake, maji yanarudi ndani, ndiyo maana kuna valvu ya njia moja, inayoruhusu maji kutoka tu. Kifuniko chake kilikuwa kimekabwa na kipande cha kamba ya mashua, hakifungi, na maegesho yakajaa maji. Nilishuka saa kumi usiku, viatu mkononi, nikamkuta fundi wa zamu peke yake amelala kifudifudi kwenye shimo la pampu, anachokoa kwa mpini wa fagio. Floti, lile boya linaloiwasha pampu maji yakipanda, ilikuwa imenata ukutani kwa mafuta ya jikoni, kwa hiyo pampu haikujua kama kuna maji. Alipoibandua, ikanguruma.

"Hili nimeliandika mara mbili, kaka," akaniambia, bado hajainuka.

Na mimi nililiandika. Wiki mbili kabla niliripoti harufu ya mafuta kwenye programu yao ya simu. Baada ya dakika 40 nikajibiwa "Imekamilika", na hakuna aliyekuja. Baadaye nikaelewa: mkataba wao unapimwa kwa kasi ya kufunga tiketi, yaani ripoti tunazotuma, basi tiketi zinafungwa. Yule mwenye mpini wa fagio hakuna anayempima.

Nyota ya tatu wameipata baada ya hapo. Ratiba ya kupwa na kujaa imebandikwa mlangoni mwa chumba cha pampu, na kila ukikaribia mwezi mwandamo au mpevu pampu zinajaribiwa, valvu inafunguliwa na kukaguliwa. Mitego ya mikahawa, inayonasa mafuta ya jikoni yasiingie kwenye mabomba, inasafishwa pia, ingawa gharama yake wametugawia sote kwa mita za mraba, hata sisi tusiokaanga chochote pale chini. Ukitaka kununua au kupanga hapa, omba mchanganuo wa ada ya huduma kabla ya kusaini.

Tiketi yangu ya vyuma vya gatini ina siku ya 61 leo, bado iko wazi. Afadhali hivyo kuliko "Imekamilika".