Krimu ya "seli shina za tufaha": inalainisha sawa, ila hizo seli ziko wapi?

Nimeitumia wiki sita, asubuhi na usiku, kopo limeisha jana ndo naandika. Mazuri kwanza maana sitaki kuwaonea: inalainisha vizuri, haiachi mafuta mafuta usoni, harufu ya mbali tu, na mashavu yangu yaliyokuwa yanakauka yametulia. Ingeuzwa kama krimu ya kulainisha tu ningetoa nyota nne na kunyamaza.

Shida ni lebo. Eti seli shina za tufaha "zinaamsha na kujenga upya" seli za ngozi yako. Jamani! Seli shina (zile zinazoweza kujigawa na kugeuka seli za aina nyingine) sio kitu unamwaga popote inaota, hata mbegu yenyewe si inataka udongo? Hii inaishi kwa majirani zake. Mwanasayansi Schofield alishasema tangu 1978 kuhusu seli shina za damu, kwamba kwenye uboho (ule ute wa ndani ya mfupa) zina kama kiota chao, na hicho kiota ndo kinaziambia tulia, gawanyika, au geuka. Kwenye utumbo mdogo vilevile, zimebanwa katikati ya seli jirani ziitwazo Paneth, zinazozipa ishara za kubaki shina, zikisukumwa zikatoka pale basi, zinaanza kugeuka seli za kawaida za utumbo. Hadi ugumu wa pale zilipokaa una kazi yake: 2006 watafiti Marekani waliweka seli shina za uboho kwenye jeli laini kama ubongo zikaelekea kufanana na neva, jeli ngumu kidogo kama msuli zikaelekea msuli, ngumu zaidi zikaelekea mfupa. Seli zilezile!

Sasa za ngozi yako ziko chini kabisa ya tabaka la juu, zimeng'ang'ania utando ulio chini yake, zikiachia tu zinaanza safari ya kupanda juu kwenda kufa (zingine zimejificha pembeni ya shina la unywele). Wewe unapaka huku juu, kwa waliokwisha kufa. Afu hiyo ya tufaha ni seli ya mmea, imesagwa, imekaa kopo lenye dawa ya kuzuia bakteria, hata ingefika kule chini ingeongea lugha gani na wenyeji?

Nikawauliza wauzaji kama kuna seli hai hata moja, wakajibu "ni ekstrakti" na kaemoji ka moyo. Kumbe juisi.

Nyota mbili, zote za ulaini. Kopo ni zuri lakini, naweka vibanio vya nywele.